Machela ya Newcastle: kisa cha meneja aliyemuuza Welbeck usiku uleule

Kisa hiki ni cha msimu wa 2024/25, kwenye ligi ndogo ya watu 14 ninayoisimamia mimi, ya FPL (Fantasy Premier League), mchezo wa mtandaoni ambao unaunda kikosi cha wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza na kupata pointi kwa wanavyocheza uwanjani. Jina la mhusika, mji wake na kazi yake nimeviondoa, naye ameridhia kisimuliwe. Nitamwita Mhenga, maana kikosi chake hakijawahi kukosa watu waliovuka miaka 30.

Usuli

Kwa asiyeujua mchezo: unapewa milioni 100, unanunua wachezaji 15, wasizidi watatu kutoka klabu moja. Kila wiki una usajili mmoja wa bure. Usipoutumia unauweka akiba, na kuanzia msimu huo akiba ilipanda kutoka miwili hadi mitano. Ukifanya usajili zaidi ya ulionao, kila mmoja unakatwa pointi 4. Mshambuliaji akifunga bao ni pointi 4. Akicheza dakika 60 na kuendelea anapata 2, chini ya hapo 1.

Mhenga alianza na washambuliaji watatu: Erling Haaland kwa 15.0, Chris Wood wa Nottingham Forest kwa 6.0 na Danny Welbeck wa Brighton kwa 5.5. Kwenye kiungo akamweka Mohamed Salah kwa 12.5. Ukimtoa Haaland, tegemeo lake lote la mabao lilizaliwa kabla ya 1993: Welbeck Novemba 1990, Wood Desemba 1991, Salah Juni 1992. Kwenye kundi la WhatsApp tulimcheka sana. Mmoja akamwandikia, "Kaka, hii ni timu au baraza la wazee?"

Hoja yake haikuwa ya kijinga hata kidogo. Alisema waandaaji wa mchezo wanapopanga bei kabla ya msimu, umri unakuwa umeshakatwa kwenye bei. Wood alitoka kufunga mabao 14 ya ligi msimu uliopita, na kijana wa miaka 23 mwenye mabao hayo usingempata kwa 6.0. Kwa maneno yake mwenyewe, unamnunua mzee kwa bei ya mtumba na anafunga kama wa dukani.

Shida ilikuwa kwa Welbeck, ambaye si umri tu, ni mtu mwenye historia ndefu ya majeraha. Wanaomkumbuka Arsenal hawajasahau Novemba 2018, alipovunjika kifundo cha mguu kwenye mechi ya Ulaya dhidi ya Sporting ya Ureno na hakuichezea tena klabu hiyo. Mhenga alilijua hilo. Aliniambia Agosti kwamba siku Welbeck akiumia, atamtoa mara moja bila kumlilia. Aliita huo ni mpango. Kwa upande wa benchi alibana matumizi: mabeki wawili wa 4.0 ambao hawakuwa na nafasi kwenye klabu zao, na kipa wa akiba ambaye kazi yake ni kujaza nafasi tu. Hilo benchi litarudi baadaye.

Mambo yalivyokwenda

Mwanzo ulikuwa mtamu. Agosti 17 Brighton iliifunga Everton 3-0 ugenini na Welbeck akafunga. (Kwenye mechi hiyohiyo Ashley Young wa Everton, mwenye miaka 39, alitolewa kwa kadi nyekundu. Wakongwe si wa aina moja.) Wiki iliyofuata akaifunga Manchester United, ushindi wa 2-1. Haaland naye alipiga mabao matatu dhidi ya Ipswich, kisha matatu mengine dhidi ya West Ham. Baraza la wazee likapanda hadi nafasi ya pili kwenye msimamo wetu.

Septemba 22 ndiyo siku ambayo Mhenga alitusumbua kwa ujumbe wa sauti mpaka usiku. Brighton na Forest walikutana wenyewe kwa wenyewe, wakatoka 2-2; Wood akafunga kwa penalti, Welbeck akafunga kwa faulo ya moja kwa moja. Oktoba 6 Tottenham walikwenda Brighton, wakatangulia 2-0, wakafungwa 3-2, na bao la ushindi likawa la Welbeck.

Halafu ikaja Oktoba 19, Newcastle. Welbeck alifunga kipindi cha kwanza, bao pekee la mechi. Kipindi cha pili akaanguka, akashika mgongo, akatolewa kwa machela.

Hapa ratiba ya saa inahitaji kuelezwa polepole. Mechi ilikuwa Jumamosi saa kumi na moja jioni kwa saa zetu. Mwisho wa kufanya usajili wa wiki ya 9 ulikuwa Ijumaa, Oktoba 25, saa mbili na nusu usiku, kwa sababu wiki ilifunguliwa na mechi ya Ijumaa kati ya Leicester na Forest. Yaani Mhenga alikuwa na siku sita kamili. Alizitumia saa tano. Kabla hajalala Jumamosi ileile alikuwa amemuuza Welbeck na kumnunua Raúl Jiménez wa Fulham.

Kesho yake, Jumapili, Reece James alirejea uwanjani. Beki huyu wa Chelsea alikuwa hajacheza ligi tangu msimu uanze kwa sababu ya msuli wa nyuma ya paja, na sasa alianza pale Anfield dhidi ya Liverpool. Mhenga akamwona, akampenda. Usajili wa bure ulikuwa umeshaliwa na Jiménez. Jumanne akalipa pointi 4 kumleta James.

Ijumaa Forest waliifunga Leicester 3-1, Wood mabao mawili. Furaha hiyo haikudumu hata siku moja. Jumamosi orodha ya Brighton dhidi ya Wolves ilipotoka, jina la Welbeck lilikuwemo kwenye kikosi cha kwanza. Muda mfupi kabla ya mapumziko akafunga. Mtu aliyebebwa kwa machela wiki moja nyuma. Mhenga aliniandikia neno moja, ambalo sitaliweka hapa.

Wiki ya 10 akamrudisha. Alimtoa Jiménez, akamchukua Welbeck tena, kwa bei ya juu kuliko aliyomnunulia Agosti. Na kuanzia hapo Welbeck akanyamaza. Dhidi ya Liverpool hakufunga. Manchester City walifungwa 2-1 pale Brighton Novemba 9, lakini mabao yalikuwa ya João Pedro na Matt O'Riley. Dhidi ya Bournemouth hakufunga, dhidi ya Southampton hakufunga. Desemba akaumia kifundo na kukaa nje kipindi cha sikukuu. Kabla ya hapo, Novemba, Reece James alikuwa ameshapata tena tatizo la msuli wa paja.

Maamuzi na sababu zake

Nilikaa na Mhenga Januari tukapitia kila hatua, yeye akijitetea, mimi nikiandika.

Kwa nini aliuza usiku uleule? Alitoa sababu tatu. Ya kwanza, machela. Alisema mtu wa karibu miaka 34 akitoka kwa machela hahitaji kusubiri daktari. Ya pili ni bei: aliogopa watu wengi wangemuuza na bei ishuke usiku wa manane. Ya tatu hakuitaja, lakini niliiona kwenye ujumbe wake wa siku ile: alishatuahidi tangu Agosti kwamba hatamlilia. Mpango ukageuka kuwa kiapo.

Kwa nini Jiménez? Bei zao zilikuwa karibu, na Fulham ilikuwa inakwenda kwa Everton. Ajabu ni kwamba Jiménez naye alizaliwa Mei 1991, tofauti ya miezi mitano hivi tu na Welbeck, na ndiye aliyevunjika fuvu Novemba 2020 akiwa Wolves, kwenye mechi dhidi ya Arsenal. Mhenga hakukimbia uzee. Alikimbia picha ya machela.

James je? "Ana miaka 24," aliniambia, kana kwamba hilo linajibu kila kitu.

Na kumrudisha Welbeck? Hapo alikiri waziwazi: aliumia moyo. Hakutaka aone bao jingine la Welbeck akiwa nje.

Matokeo

Tuhesabu tunachoweza kukihesabu. Wiki ya 9 alikosa bao la Welbeck, pointi 4, pamoja na pointi za kucheza. Jiménez hakufunga siku hiyo. Alikatwa 4 kwa ajili ya James. Chelsea ikaruhusu bao kwenye kila mojawapo ya mechi tatu zilizofuata za ligi (Newcastle, Manchester United, Arsenal), kwa hiyo beki wake hakuleta hata mara moja pointi 4 za kutoruhusu bao. Kisha usajili wa wiki ya 10 ukaenda kurudisha kile alichokuwa nacho.

Usajili tatu ulitumika, mmoja wa kulipia, na mwisho wake mshambuliaji alikuwa yuleyule, kwa bei kubwa zaidi.

Mwishoni mwa msimu Mhenga alimaliza wa tatu, pointi 9 nyuma ya wa pili. Sisemi pointi hizo 9 zilipotelea Newcastle. Msimu una wiki 38 na kila mtu ana vilio vyake. Lakini ukiangalia hesabu za wiki ile moja, zinakaribia sana.

Upande wa pili wa daftari ni huu. Wood alimaliza ligi na mabao 20. Salah alimaliza na mabao 29 na pasi za mabao 18, akicheza mechi zote 38, na pointi 344, ambazo ni rekodi ya mchezo huu. Baraza la wazee ndilo lililomfikisha nafasi ya tatu.

Kuna jaribio la pili ambalo Mhenga alilifaulu, na ndilo lililonifanya niandike. Machi 2025 Wood alikwenda kuichezea New Zealand mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Akaifunga Fiji mabao matatu, kisha Machi 24 dhidi ya New Caledonia akatoka akiwa ameumia nyonga. Kundi letu likaanza kuuza. Mhenga akakaa kimya. Wakati huo alikuwa ameshabadilisha benchi: beki mmoja wa kuaminika na kiungo wa bei nafuu aliyekuwa anaanza kila wiki. Wood alikosa mechi dhidi ya Manchester United na Aston Villa mwanzoni mwa Aprili. Mtu wa benchi akaingizwa na mchezo wenyewe mahali pake. Aprili 21 Wood akafunga pale Tottenham, Forest wakashinda 2-1. Nilipomuuliza mbona hakumuuza, alijibu, "Nimuuze ili iweje? Nina mtu anayecheza."

Uchambuzi: tuliuliza swali lisilo lenyewe

Mjadala wetu wote wa Oktoba ulikuwa juu ya miaka. Welbeck 33, James 24, basi chukua wa 24. Lakini kilichotofautisha wawili hawa ni aina ya jeraha, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliuliza.

Pigo la mgongo, la goti, la kifundo kilichokanyagwa kidogo, linaweza kuonekana baya sana kwenye televisheni na likaisha kwa siku chache. Msuli wa nyuma ya paja ni kinyume: mtu anatoka akitembea mwenyewe, anapunga mkono, halafu unamsubiri wiki sita, na akirudi hatari ya kuchanika palepale iko juu. Wachezaji waliowahi kuumia msuli huo ndio wanaoumia tena zaidi. Mhenga alimuuza aliyepigwa, akamnunua wa msuli, mechi yake ya kwanza tu baada ya kurudi. Kevin De Bruyne alitupa somo hilohilo Agosti 2023: alikwenda Burnley siku ya kufungua msimu akiwa ametoka kwenye tatizo la paja, akatoka dakika ya 23, na hakuonekana tena kwenye ligi mpaka Januari. Wengi wetu tulikuwa naye. Tulisahau.

Kosa la pili ni haraka, na hapa naona Mhenga alidanganywa na bei. Bei ya mchezaji hubadilika kwa 0.1 kwa wakati. Na unapomuuza mchezaji aliyepanda, unapata nusu tu ya faida: aliyenunuliwa 5.5 akafika 5.9 utamuuza kwa 5.7, na ukimtaka tena kesho yake utamlipia 5.9 kamili. Kwa hiyo aliyeogopa kupoteza 0.1 anaweza kujikuta amepoteza 0.2 kwa kuuza na kurudi. Kusubiri mpaka Alhamisi au Ijumaa, makocha wanapoongea na waandishi, ni bei rahisi kuliko inavyoonekana.

Ingawa makocha nao wana yao. Agosti 2024, kabla ya Leicester kucheza na Tottenham, kocha Steve Cooper alisema Jamie Vardy hatakuwepo. Vardy, miaka 37, akaanza, akafunga kwa kichwa, 1-1. Ndiyo maana sipendi ushauri wa "sikiliza kocha" ukitolewa peke yake. Unasikiliza, halafu unaangalia benchi lako linaweza kubeba kosa la ukubwa gani.

Na benchi ndipo kisa hiki kilipoanzia hasa, miezi miwili kabla ya machela. Mtu mwenye mabeki wawili wasiocheza hana nafasi ya kusubiri. Welbeck asipocheza, anabaki na shimo. Laiti angekuwa na kiungo mmoja wa 5.0 anayeanza kila wiki, kukosekana kwa Welbeck kungemgharimu pointi mbili tatu, basi. Hofu ya usiku ule ilinunuliwa Agosti, kwa akiba ya milioni moja hivi kwenye benchi. Anayetaka kubeba wakongwe wawili au watatu aikate hiyo milioni kwingine, si hapo.

Nafasi ya mchezaji uwanjani nayo ina uzito, ila sikuona mtu akiitaja. Mshambuliaji mkongwe akitolewa dakika ya 65 hajapoteza kitu. Ameshapata pointi zake mbili na bao lake linabaki. Beki akitolewa dakika ya 55, hata kama klabu yake haikufungwa, zile 4 hazihesabiwi. James alitolewa mapema kipindi cha pili pale Anfield, na hilo ndilo ungelitegemea kwa mtu anayerudishwa taratibu. Mwili dhaifu kwenye ushambuliaji unavumilika kuliko mwili dhaifu kwenye ulinzi.

Kuhusu kumrudisha Welbeck wiki ya 10, tulibishana na bado hatujakubaliana. Yeye anasema ilikuwa bahati mbaya tu. Mimi naona alichungulia kioo cha nyuma. Wakati Welbeck anafunga mfululizo, João Pedro alikuwa majeruhi. Mwanzoni mwa Novemba alikuwa anarudi. Kwa mkongwe wa bei nafuu, adui si hospitali peke yake. Kuna kijana anayerudi kwenye nafasi yake. Mabao ya Septemba na Oktoba yalikuwa na tarehe ya mwisho iliyokuwa wazi kwa aliyeangalia orodha ya majeruhi wa Brighton yenyewe, si ya Welbeck tu. Hapo ndipo pa kumuuza mkongwe: akiwa anafunga, wiki moja kabla mwenye nafasi hajarudi. Kumuuza akiwa kwenye machela ni kuuza kwa hasara.

Wapo kwenye kundi wanaotaka tuandike sheria kwamba wakongwe wote wauzwe kabla ya mrundikano wa mechi za Desemba. Siafiki. Welbeck aliumia Desemba, ndiyo, lakini Salah na Wood walipita salama. Forest haikuwa na mashindano ya Ulaya msimu ule, hivyo Wood alikuwa na wiki nyingi za kupumzika. Ajabu kidogo: Brighton nayo haikuwa nayo, na Welbeck alikuwa hajaitwa timu ya taifa ya Uingereza tangu 2018, kwa hiyo kwenye karatasi alipumzika kuliko Wood anayepanda ndege hadi upande wa pili wa dunia. Wood aliumia huko alikosafiri, Welbeck akaumia nyumbani. Tarehe kwenye kalenda haitoshi.

Welbeck alifunga tena kwenye ligi Februari 25, 2025, dhidi ya Bournemouth, bao la ushindi, akitokea benchi. Mhenga alikuwa ameshamuuza mara ya pili. Nilimtumia picha ya matokeo. Alichelewa kujibu, kisha akaandika: "Nimeona. Leo nimelala salama."